Sumu ya kipindupindu inajulikana tangu 1959: mbona chanjo yake si kama ya pepopunda?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Panyimur, wilaya ya Pakwach, anayenunua ragoge na muziri mwaloni na kuwauzia wateja wa upande wa Kongo. Anaandika:

"Miaka michache iliyopita wahudumu wa afya walikuja kijijini wakatunywesha chanjo ya kipindupindu kwa kichupa kidogo, mara mbili. Siku hizi nasikia wanatoa mara moja tu. Mpwa wangu anayesoma Makerere aliniambia kwamba chanjo nyingine za kipindupindu zina sumu ya ugonjwa wenyewe ndani yake. Je, tulikunywa sumu? Na kama wanasayansi wanaijua hiyo sumu, kwa nini wasitengeneze sindano ya kuizuia, kama ile ya pepopunda tunayodungwa tukiwa wajawazito, mambo yakaisha? Nina mtoto wa miezi kumi. Wakirudi, nimpeleke?"

Dada yangu, nianze na lile linalokutia hofu: hamkunywa sumu. Kichupa mlichopewa kina mililita moja na nusu ya vijidudu vya kipindupindu vilivyokwisha kuuawa, vingine kwa joto, vingine kwa kemikali iitwayo formalini. Havizaliani, havitoi sumu, na sumu yenyewe haimo. Mwili unaonyeshwa maiti ya adui ili uishike sura yake.

Mpwa wako naye hakudanganya. Ipo chanjo nyingine, ya kunywa pia, ambayo ndani yake wameongeza kipande cha sumu ya kipindupindu, kile kipande kisichodhuru. Tena chanjo hiyo ilipita hapa hapa Uganda kabla ya ile yenu. Oktoba 1997, katika wilaya ya Adjumani, walilengwa wakimbizi wapatao 44,000 waliokuwa wamekimbia vita kusini mwa Sudan, na walipewa dozi mbili kabla kipindupindu hakijawafikia. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani kwa chanjo ya kunywa ya kipindupindu kutumika kambini namna hiyo. Kwa hiyo mkiulizana nani ana habari kamili, yeye au wewe, nyote wawili mna nusu.

Lakini swali lako la pepopunda ndilo lililonikalisha niandike kirefu. Mimi nimesomea vijidudu na nimefanya kazi maabara miaka mingi, na nakwambia kweli, wataalamu wenyewe waliliuliza swali hilo hilo. Hawakuishia kuuliza. Waliitengeneza hiyo sindano, wakawadunga watu, na haikufaa. Sababu ya kushindwa kwake ndiyo inayoeleza kwa nini chanjo iliyofika Panyimur haina sumu ndani, na kwa nini nadhani ni heri ilivyokuwa hivyo.

Turudi nyuma kidogo. Kijidudu chenyewe, ambacho jina lake la kitaalamu ni Vibrio cholerae, kilionwa kwa darubini na Mtaliani Filippo Pacini mwaka 1854, watu wasimjali. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch, akiwa ametoka Misri na kufika Calcutta, India, alikitangaza tena kwa ushahidi mzito zaidi. Kimepinda kama mkato tunaoandika katika sentensi, na kina mkia mmoja wa kuogelea. Ukiona kinyesi cha mgonjwa chini ya darubini, hutakisahau: vinapita kasi huku na huku kama vimondo usiku. Koch alikisia kuwa kijidudu hiki huua kwa sumu. Alikisia sawasawa, ila sumu yenyewe haikupatikana kwa miaka sabini na mitano.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu waliitafuta mahali pasipo pake. Waliwadunga wanyama vijidudu au maji yake ndani ya damu, au kwenye uwazi wa tumbo nje ya utumbo. Wanyama waliugua, wengine walikufa, lakini hawakuhara kama mtu wa kipindupindu. Ndipo akaja daktari mmoja wa Calcutta, Sambhu Nath De. Kwa vifaa vichache alivyokuwa navyo, alimpasua sungura aliyelazwa usingizi, akafunga kipande cha utumbo wake kwa uzi pande zote mbili kikawa kama kifuko, akatia humo maji yaliyokuzia vijidudu, maji yaliyochujwa mpaka hakikubaki kijidudu hata kimoja. Baadaye kifuko kile kilikutwa kimevimba, kimejaa maji. Hapakuwa na kijidudu ndani. Ilikuwa sumu peke yake. De aliandika matokeo yake mwaka 1959 katika jarida la Nature. Mshindi wa Nobeli Joshua Lederberg alimpendekeza kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja, lakini De hakupewa, na alifariki mwaka 1985 watu wengi wa nchi yake wakiwa hawajui alichofanya. Huwa nawatajia wanafunzi jina lake kabla ya jina la Koch.

Shika neno hilo, dada: mahali. De hakuwa na mashine kuliko wenzake, aliitia sumu upande wa ndani wa utumbo, basi. Utaona neno hilo linarudi kwenye chanjo.

Mwaka 1969 Wamarekani Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto waliisafisha sumu hiyo mpaka ikabaki yenyewe, na kuanzia hapo umbo lake likaanza kufahamika. Ni protini sita zilizoshikana. Tano zinafanana na zimejipanga duara kama pete. Hizo huitwa B. Ya sita, A, imekaa juu ya pete. Zile B hazimdhuru mtu. Kazi yake ni kushika: uso wa seli za utumbo wetu una aina ya mafuta yenye sukari iitwayo GM1, na pete ya B huing'ang'ania kama kupe. Ikishashika, sumu humezwa na seli, na kipande cha A hupenya mpaka ndani kabisa. Huko hukuta swichi ambayo seli huitumia kuamua lini imwage maji na lini iache. A huibana swichi hiyo ibaki imewashwa.

Fikiria mtu amefungua bomba la mtaani kisha akaondoka na koki yake. Ndivyo inavyokuwa. Seli humwaga kloridi, sodiamu huifuata, na maji huyafuata yote mawili. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, choo kikiwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele, bila damu, mara nyingi bila homa. Na koki hairudi. Seli iliyobanwa hubaki hivyo mpaka ife na kubadilishwa na nyingine, jambo linalochukua siku kadhaa, maana utando wa utumbo hujiumba upya haraka. Ndiyo maana ugonjwa huu, mgonjwa asipokufa, huisha wenyewe katika siku chache. Bila matibabu unaweza kuua hata nusu ya waliozidiwa. Wakitibiwa mapema na vizuri, hufa chini ya mmoja kati ya mia.

Tofauti hiyo kubwa inatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo maarifa ya sumu yalipookoa watu wengi kuliko kwenye chanjo yoyote. Sumu huharibu mlango wa kutoa maji, lakini haigusi mlango mwingine, ule unaoingiza sukari. Mlango huo hauingizi glukosi peke yake. Kila ikiingia huvuta sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Kwa hiyo mgonjwa yule yule anayemwaga maji kwa mlango mmoja anaweza kunyweshwa maji kwa mlango wa pili, mradi yawe na sukari na chumvi pamoja. Maji matupu hayatoshi, wala ya chumvi tu. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walilionyesha hilo kwa wagonjwa kule Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu katika kambi ya Bangaon. Akawapa ndugu za wagonjwa maji ya sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilikuwa kama 30 kati ya mia. Kwa waliotibiwa na kikosi chake vilishuka hadi kati ya 3 na 4. Pakiti ya ORS unayoipata bure kituo cha afya ni mjukuu wa kazi hiyo.

Sasa sindano yako. Pepopunda inaua vipi? Kijidudu hukaa kwenye jeraha, hutoa sumu, na sumu husafiri mwilini mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Safari hiyo ndiyo udhaifu wake. Ukishadungwa sumu iliyolemazwa, damu yako hujaa kingamwili, na sumu ya kweli ikipita hukamatwa njiani. Dondakoo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo sumu ya kipindupindu ilipopatikana, wengi walisema: tumeshinda, tuilemaze kwa kemikali na tuwadunge watu. Mwaka 1974 sindano hiyo ilijaribiwa Matlab, eneo la mashamba na mito la Bangladesh ambako kipindupindu hurudi kila mwaka. Kingamwili zilionekana damuni, nyingi tu. Kinga dhidi ya kuugua ilikuwa ndogo na ya muda mfupi. Waliokuwa na matumaini makubwa walivunjika moyo.

Mahali, dada. Sumu ya kipindupindu haisafiri. Kijidudu hakiingii damuni. Huogelea mpaka kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hupenya ute, hujishika, kisha huitema sumu pale pale, seli ikiwa karibu kama pua na mdomo. Kingamwili za damuni ziko upande wa pili wa ukuta, na ni chache zinazopenya kuja upande huu. Ni kama kuweka askari wote ndani ya nyumba ilhali mwizi anachimba ukuta kwa nje.

Jambo la pili ni muda. Tangu kumeza kijidudu hadi kuanza kuhara, kipindupindu huchukua kati ya saa 12 na siku 5. Mwili una kumbukumbu nzuri ya adui wa zamani, lakini kuiamsha kumbukumbu hiyo na kutengeneza kingamwili mpya huchukua siku kadhaa. Kumbukumbu ikiamka, mtu ameshakauka. Kwa hiyo kingamwili lazima ziwe zimekwisha kukaa kwenye utando wa utumbo kabla ya adui kufika, na zile za utumboni, tofauti na zile za pepopunda damuni, hupungua ndani ya miezi.

Basi watafiti wakabadilisha njia. Utumbo hujifunza ukifundishwa kwa mdomo, kwa hiyo chanjo inywewe. Na usifundishwe kuikamata sumu peke yake, ufundishwe kumkamata mwenye sumu. Ganda la nje la kijidudu limefunikwa kwa sukari za aina yake, na kingamwili zinazoshika sukari hizo huvigandisha vijidudu pamoja na kuvifunga mkia visiogelee. Kijidudu kisichofika ukutani kinaweza kuwa na sumu yote duniani, hakitamharisha mtu.

Hata hivyo sumu haikuachwa. Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm wa Gothenburg, Sweden, walisema tuvipe vyote viwili: vijidudu vilivyokufa, na juu yake ile pete ya B isiyodhuru, ili kingamwili zishike kijidudu na pia zizibe mikono ya sumu. Mwaka 1985, pamoja na John Clemens na watafiti wa Dhaka, waliijaribu Matlab. Kundi moja la wanawake na watoto lilikunywa vijidudu pamoja na B, kundi la pili vijidudu peke yake, kundi la tatu kinywaji kisichokuwa na chanjo. Baada ya miezi sita, waliopata B walikuwa na kinga ya asilimia 85. Waliopata vijidudu peke yake, asilimia 58. Hapo ungesema sumu imeshinda. Lakini walipohesabu kwa miaka mitatu, wenye B walikuwa asilimia 50, na wasio na B asilimia 52.

Namba hizo mbili za mwisho nimezitazama mara nyingi sana maishani mwangu. Kipande cha sumu kilisaidia kwa nguvu miezi ya mwanzo, kisha msaada ukayeyuka. Kinga iliyodumu ililetwa na maiti za vijidudu. B ina faida nyingine, kwani inafanana mno na sumu ya aina fulani ya E. koli, kijidudu kingine cha utumboni, inayoharisha wasafiri, na huzuia hiyo pia kwa muda. Ila kwa kijiji kinachopigwa na kipindupindu mwaka hadi mwaka, unataka kinga ya miaka.

Tena B ina gharama, na sio ya pesa tu. Asidi ya tumbo huiharibu. Kila mtu anayekunywa chanjo yenye B lazima achanganyiwe na maji safi yenye dawa ya kupunguza asidi, kikombe kizima kwa mtu mzima. Hebu piga picha Adjumani 1997: makumi ya maelfu ya watu juani, kila mmoja kikombe chake, kila kikombe maji yake safi, mahali ambapo ukosefu wa maji safi ndio ulioleta hofu ya ugonjwa. Kazi ilifanyika, na waliofanya nawaheshimu. Lakini usingeweza kuifanya hivyo kwenye mialo yote ya Ziwa Albert.

Waliokata fundo walikuwa Wavietnam. Walichukua maarifa ya Sweden, wakaiacha B, wakatengeneza chanjo ya vijidudu vilivyokufa kwa bei ambayo nchi yao iliiweza. Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo ya Seoul ikawasaidia kuiboresha ifikie viwango vya Shirika la Afya Duniani. Ilijaribiwa Kolkata, ndiyo Calcutta ile ile ya De, kuanzia 2006 kwa watu wapatao 67,000, na katika miaka mitano ilizuia asilimia 65 ya ugonjwa. Kutoka hapo ikazaliwa Shanchol ya India, kisha Euvichol ya Korea Kusini, na mwaka 2017 Euvichol-Plus, ile ya kichupa laini cha plastiki unachokiminya mdomoni. Haihitaji maji wala kikombe. Mhudumu wa kijiji, hao VHT wetu, anaweza kukipeleka kwa mtumbwi na boda boda. Kwa maneno mengine, dada yangu, kuiacha sumu nje ya kichupa ndiko kulikoifikisha chanjo mwaloni kwenu.

Nayo ilihitajika. Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipofurika, Uganda iliandikisha wagonjwa wa kipindupindu karibu 50,000. Utafiti wa Godfrey Bwire wa Wizara ya Afya na wenzake ulionyesha kuwa kati ya 2011 na 2015 jamii za wavuvi, ambao hawafiki hata mmoja kati ya kumi wa Waganda wote, walibeba zaidi ya nusu ya wagonjwa. Na mapema 2018, wakimbizi wa Kongo waliovuka ziwa kwa mitumbwi walipofikia Hoima, ugonjwa ulilipuka. Mei mwaka huo ikaanza kampeni ya chanjo ikilenga watu zaidi ya laki tatu. Na usidhani kila mlipuko ni kijidudu cha hapa kilichoamka. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa tangu 1970 kipindupindu kimeingizwa Afrika angalau mara kumi na moja, kikitoka Asia, na kikiisha kuingia huzungukazunguka kati ya nchi zetu, kwa maziwa na barabara. Hata sumu yake si mali yake ya asili. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos waligundua kuwa jeni za sumu hiyo zililetwa na virusi vinavyoambukiza bakteria. Kijidudu kisichoambukizwa na virusi hivyo hakina sumu hii ya kutoa. Na kinapobadilishana jeni, sumu nayo hubadilika kidogo: vijidudu vya siku hizi vingi ni vya kundi la El Tor, lakini vimebeba B ya kundi la zamani. Sumu hubadilika, sukari za ganda zimekuwa tulivu zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzilenga.

Umesikia kuwa dozi siku hizi ni moja. Ni kweli, na haikutokana na ugunduzi kwamba ya pili haina maana. Milipuko imekuwa mingi duniani na viwanda ni vichache. Ghala la dharura la chanjo hii lilianzishwa 2013. Oktoba 2022 wanaolisimamia waliamua kwamba kwenye mlipuko itolewe dozi moja ili watu wengi zaidi wapate kitu. Mbili, zikipishana angalau wiki mbili, hulinda miaka mitatu au zaidi. Moja hulinda kwa muda mfupi zaidi, miezi sita au zaidi kidogo, na kwa watoto chini ya miaka mitano ni dhaifu sana. Mimi nauona uamuzi huo ni wa haki kwa wakati wa moto, ila nisingependa tuuzoee ukageuka kuwa kawaida. Mwaka 2024 Euvichol-S ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Ni ile ile iliyorahisishwa utengenezaji ili zitoke nyingi zaidi.

Je, sumu imeachwa kabisa basi? Hapana. Wamarekani wana chanjo hai iliyoidhinishwa 2016 kwa wasafiri: kijidudu kizima kilichong'olewa sehemu kubwa ya jeni ya A, kikabakiwa na B. Dozi moja tu, lakini inataka baridi na maji yake ya kuchanganya, na kazi haikuwa rahisi. Wale wa mwanzo walioundwa hivyo, japo hawana A, bado waliwaharisha kidogo watu waliojitolea. Japani kuna watafiti waliotia jeni ya B ndani ya mpunga, ukasagwa ukanywewa, na mwaka 2021 walitoa matokeo ya majaribio ya kwanza kwa watu. Chanjo inayokaa ndani ya punje ya mchele bila friji, hiyo naifuatilia kwa hamu. Wengine wameitumia sumu hizi kama kichocheo cha kuamsha kinga ya chanjo nyingine, na hapo kuna onyo. Uswisi ilikuwepo chanjo ya mafua ya kupuliza puani iliyotiwa sumu ya E. koli, ndugu wa hii yetu; baadhi ya waliopulizwa walipooza upande wa uso, na ikaondolewa sokoni. Kwa hiyo mtu akikwambia sumu ni sumu, usimcheke. Tunajua kipande kipi ni salama na mahali gani, na tumejifunza kwa gharama.

Na kuna hili litakalokufurahisha, wewe uliyeuliza habari ya pepopunda. Kwa ajili ya watoto wadogo, ambao chanjo ya kunywa haiwalindi vizuri, wapo watafiti wanaochukua sukari za ganda la kijidudu cha kipindupindu na kuziunganisha na kipande kisichodhuru cha sumu ya pepopunda, kisha kuitoa kama sindano. Mwili wa mtoto mchanga hauzijali sana sukari peke yake, lakini zikibebwa na protini hiyo huziangalia kwa makini. Bado iko kwenye majaribio.

Tuje kwako na mtoto. Wewe, wakirudi, kanywe tena, hata kama ulikunywa zamani. Kinga yako imeshapungua, na hakuna madhara ya kurudia. Ukiwa mjamzito pia, Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wasiachwe nje ya kampeni. Ila usiende ziwani kuchota maji ya kunywa kwa kuwa umechanjwa. Hata dozi mbili huacha mlango nusu wazi, na kijidudu cha kutosha kitapita. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula, wewe hasa unayeshika samaki wa watu wengi. Mtu akianza kuhara maji meupe nyumbani, asingojee asubuhi: anza ORS hapo hapo. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu visijae kilima, huku mkitafuta usafiri wa kumpeleka kituo cha afya.

Mtoto wa miezi kumi bado. Chanjo hii hutolewa kuanzia mwaka mmoja, na wahudumu wanaojua kazi yao watakurudisha naye. Mpaka hapo una kitu ambacho maabara yoyote ingekionea wivu. Kule Bangladesh walichunguza watoto wanaonyonya waliomeza kijidudu cha kipindupindu, na wale ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na kingamwili nyingi, za sumu na za sukari za ganda, waliugua kidogo kuliko wenzao. Maziwa hayapitii damuni mwa mtoto. Yanamwagika pale pale utumboni, upande wa ndani wa ukuta. Endelea kumnyonyesha, hata akihara, na akitimiza mwaka mpeleke.